Wale wafugaji wenye bunduki wa Nevada na Oregon, ina maana mahakama ilikubali ardhi ni yao?

Kisima_Kirefu

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie kitu maana kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Kuna ile ishu ya Marekani ya mzee Cliven Bundy na wanawe. Mwaka 2014 kule Bunkerville, Nevada, serikali kuu ilienda kukamata ng'ombe wake kwa sababu alikuwa hajalipa ada ya malisho tangu 1993, wakaja watu na bunduki kutoka majimbo mengine, wengine wakajipanga mpaka juu ya daraja la barabara kuu wakawalenga maofisa, na walioondoka wakawa maofisa, ng'ombe wakaachiwa. Alafu Januari 2016 wanawe Ammon na Ryan wakaenda Oregon wakateka majengo ya hifadhi ya ndege ya Malheur, ikachukua siku 41 mpaka wa mwisho wao kutoka.

Sasa mimi ninavyoijua Marekani ukimwelekezea askari bunduki hutoki salama. Lakini hawa kesi ya Oregon wakaachiwa huru, kesi ya Nevada ikafutwa kabisa. Na wanaowaunga mkono wanasema ni kwa sababu katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuu kumiliki ardhi ndani ya majimbo, na mahakama ilijua hivyo ndo maana ikawaachia.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni kweli mahakama ilisema ile ardhi sio ya serikali kuu? Pili, hawa wanamgambo ni akina nani hasa, ni wafugaji wenyewe au ni watu wa siasa waliodandia ugomvi wa wafugaji? Naomba anayejua anieleze taratibu, ushabiki wa vyama vyao vya kule tuuache pembeni.

Ngao_ya_Chuma

Mkuu swali la kwanza jibu lake ni kwamba serikali iliogopa, haina maelezo marefu. Na ilikuwa na sababu ya kuogopa. Agosti 1992 kule Ruby Ridge, Idaho, walizingira nyumba ya Randy Weaver kwa kesi iliyoanzia kwenye kuuza bunduki zilizokatwa mtutu, mwisho wake mtoto wake wa miaka 14 akauawa, mkewe akapigwa risasi na snaipa wa FBI akiwa mlangoni ameshika mtoto mchanga, na ofisa mmoja wa serikali naye alikufa. Mwaka uliofuata ikaja Waco, Texas, serikali ilivamia makazi ya kundi moja la dini, maofisa wanne waliuawa siku ya kwanza, na baada ya siku 51 za kuzingira moto ukawaka, watu 76 wakafa Aprili 19, 1993, watoto wakiwemo. Miaka miwili baadaye tarehe hiyohiyo ndo jengo la serikali Oklahoma City likalipuliwa, watu 168 wakafa, na aliyelipua alisema analipiza Waco.

Kwaiyo mabosi wa serikali kule Bunkerville 2014 walipoona watu wana bunduki, kuna wanawake, kuna watoto, kuna watu wamepanda farasi, wote wamejazana kwenye korongo moja, waliona Waco nyingine hiyo inakuja. Bora ng'ombe waende. Mimi siwalaumu.

Dereva_Nyikani

Ngao umeeleza vizuri kwa nini hawakupiga risasi siku ile. Ila ndugu yetu kauliza kuhusu mahakama, na hapo sio woga, hapo kuna mambo mengine kabisa na watu wengi wanayachanganya, tena wanayachanganya makusudi. Mimi naendesha trela huku magharibi miaka sasa, njia za Nevada, Utah, Idaho na mashariki ya Oregon ndo njia zangu, nimekaa na hawa watu kwenye vituo vya mafuta na migahawa ya barabarani, wafugaji na wasio wafugaji, na hii habari nimeifuatilia kwa sababu inaniuma jinsi inavyosimuliwa.

Iko hivi. Serikali kuu ya Marekani ina ardhi kama ekari milioni 640, karibu asilimia 28 ya nchi nzima, na sehemu kubwa iko huku magharibi. Nevada peke yake, kama asilimia 80 ya jimbo ni ya serikali kuu. Ukitoka Las Vegas kwenda kaskazini unaendesha masaa na masaa na karibu kila unachokiona nje ya dirisha ni ardhi ya umma. Nyingi iko chini ya BLM, hili ni shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma, nyingine iko chini ya idara ya misitu, nyingine ni hifadhi za wanyama na mbuga za taifa. Zamani serikali iligawa ardhi kwa walowezi, sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akiilima na kuishi hapo miaka mitano, lakini hii nyika kavu hakuna aliyeitaka maana haina maji, ikabaki mikononi mwa serikali. Wafugaji wakawa wanalisha tu bila utaratibu mpaka majani yakaisha na udongo ukapeperuka, ndo maana 1934 ikapitishwa sheria ya malisho, ya vibali na ada. Na zingatia hapa, wafugaji wakubwa wengi wa wakati ule waliitaka hiyo sheria wenyewe maana ilikuwa inawalinda dhidi ya makundi ya kondoo yaliyokuwa yakihamahama. Alafu 1976 bunge likasema wazi kwamba kuanzia sasa ardhi iliyobaki itabaki ya umma, haigawiwi tena. Hapo ndo hasira za kizazi hiki zilipoanzia. 1979 bunge la jimbo la Nevada likapitisha sheria kudai ardhi ya BLM ni ya jimbo, majimbo mengine yakaiga, Reagan kwenye kampeni yake ya urais akasema yuko pamoja nao. Haikufika popote mahakamani.

Sasa njoo kwa Bundy. Ada ya malisho mwaka 2014 ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Rudia kuisoma hiyo namba. Malisho ya mtu binafsi huku ni ghali mara nyingi zaidi ya hapo. Maelfu ya wafugaji wanailipa hiyo ada kila mwaka, wananung'unika lakini wanalipa. Yeye aliacha 1993, wakati BLM ilipobana idadi ya ng'ombe eneo lile kwa ajili ya kumlinda kobe wa jangwani aliyekuwa anapungua. Hilo lingekuwa limemuumiza mfugaji yeyote na mimi namuelewa. Lakini alienda mahakamani akashindwa 1998, jaji akamwambia toa ng'ombe. Hakutoa. 2013 akashindwa tena, mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Deni pamoja na faini likapita dola milioni moja. Kwaiyo ile operesheni ya 2014 haikuzuka tu, ni amri ya mahakama iliyokaa miaka 16 bila kutekelezwa.

Umeona hapo? Swali la ardhi LILISHAAMULIWA kabla hata hizo bunduki hazijafika. Kesi zilizokuja baadaye, zile walizoachiwa, hazikuwa kesi za nani mwenye ardhi. Zilikuwa kesi za jinai, za kula njama na kutishia maofisa, na kila moja ilianguka kwa sababu zake.

Oregon, Oktoba 2016, Ammon na Ryan na wenzao watano waliachiwa na juri, yani wale raia 12 wanaosikiliza kesi. Waendesha mashtaka walichagua shtaka moja kubwa la kula njama kuwazuia wafanyakazi wa serikali kufanya kazi zao kwa nguvu au vitisho. Ukichagua hilo lazima uthibitishe walikubaliana kwa nia hiyo, sio tu kwamba wafanyakazi walishindwa kwenda kazini. Wao wakajitetea kwamba walikuja kuandamana na kudai umiliki. Alafu ikafichuka FBI walikuwa na watoa habari mle ndani, mmoja wao alikuwa anasimamia mazoezi ya kulenga shabaha! Juri likasema njama haijathibitishwa. Lakini angalia, kundi la pili la washtakiwa mwaka 2017, kwa tukio hilohilo, wawili walipatikana na hatia ya njama na wengine wawili ya kuharibu mali ya serikali, na kuna waliokiri wenyewe bila kusikilizwa. Hao huwasikii wakitajwa kwenye vidio za ushindi.

Nevada ni mbaya zaidi kwa upande wa serikali, nasema ukweli. Jaji Gloria Navarro alifuta kesi Januari 2018 na akakataza isifunguliwe tena, kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi. Kulikuwa na kamera ya FBI iliyokuwa inatazama nyumba ya akina Bundy, kulikuwa na taarifa za maofisa waliowekwa mafichoni kuizunguka, kulikuwa na tathmini za serikali yenyewe zilizosema familia hii haielekei kufanya vurugu. Vyote hivyo upande wa utetezi ulipaswa kupewa mapema. Walinyimwa au walicheleweshewa. Jaji akasema huo ni ukiukaji wa haki ya mshtakiwa, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye 2020. Hakuna hata mstari mmoja kwenye uamuzi ule unaosema ardhi ni ya Bundy. Na kuna mwenzao mmoja kutoka kesi ya kwanza ya Nevada, masikini hakupata bahati hiyo, alihukumiwa miaka 68 mwaka 2017.

Mama_Shamba

Dereva nakushukuru kwa maelezo, ila kaka yangu naomba uwe na huruma kidogo na wafugaji maana umeanza na Bundy, na Bundy ndo mfano rahisi wa kumkosoa. Anza na Hammond uone.

Dwight Hammond na mwanawe Steven, wafugaji wa kaunti ya Harney, Oregon. Waliwasha moto kwenye ardhi yao ukavuka mpaka kwenye ardhi ya BLM. Moto wa 2001 uliunguza ekari 139, wa 2006 ekari kama moja. EKARI MOJA jamani. Wao walisema wa kwanza ulikuwa wa kusafisha magugu na wa pili wa kuzuia moto wa radi usifike kwenye malisho yao ya msimu wa baridi, na kuwasha moto wa kusafisha ni kitu cha kawaida kwa wafugaji wa huko, hata BLM wenyewe wanawasha. Serikali ikasema ule wa 2001 ulikuwa wa kuficha uwindaji haramu wa paa. Sawa, juri likawakuta na hatia 2012. Jaji akampa mzee miezi mitatu na mwanawe mwaka mmoja, na akasema wazi kwamba ile miaka mitano inayotakiwa na sheria ingekuwa imepita kiasi kabisa kwa kosa hili. Wakatumikia, wakamaliza, wakarudi nyumbani. Serikali ikakata rufaa, ikashinda, na Januari 2016 mzee wa miaka sabini na kitu akarudishwa jela kumalizia miaka mitano. Na sheria yenyewe iliyotumika ni ile iliyopitishwa 1996 kupambana na ugaidi baada ya Oklahoma City.

Mtu wa kijijini akiona hivyo atafikiri nini? Kwamba kuna watu ofisini mbali sana, Washington huko, wanaamua ng'ombe wangapi wale nyasi wapi, na ukikosea kidogo wanakuja na sheria ya ugaidi. Mimi nimekulia kwa wafugaji na najua uchungu wa mtu kuambiwa punguza mifugo na mtu ambaye hajawahi kulala njaa kwa sababu ya ukame. Trump aliwasamehe Julai 2018 na mimi naona alifanya sawa, hata kama sikubaliani naye kwa mengine. Msiwafanye hawa watu wote kuwa wahalifu.

Dereva_Nyikani

Mama Shamba hapo sikupingi hata kidogo. Ile hukumu ya Hammond ilikuwa kali kupita kiasi, na ndo maana Januari 2, 2016 pale mjini Burns kulikuwa na maandamano ya amani ya watu wengi tu wa kawaida. Lakini ona kilichofuata. Kikundi kidogo kikajitenga na maandamano, kikaendesha kama maili 30 kwenda hifadhini, kikateka majengo. Akina Hammond kupitia wakili wao walikuwa wameshasema Ammon Bundy na kundi lake hawaisemei familia yao. Wakaenda kujisalimisha jela wenyewe, kimya kimya. Sherifu wa kaunti, David Ward, akawaomba wale wageni warudi makwao. Hawakusikia.

Na hapa ndo naingia kwenye swali la pili la mwenye uzi. Wengi waliokuwa Malheur hawakuwa wa Harney. Walitoka Arizona, Nevada, Idaho, Montana, Ohio. Ammon mwenyewe hakuwa mfugaji wakati ule, alikuwa na biashara ya matengenezo ya magari. LaVoy Finicum, yule aliyepigwa risasi na polisi wa jimbo Januari 26 barabara ya 395, yeye alikuwa mfugaji kweli, wa Arizona, na kifo chake kiliwaumiza watu wengi hata wasiokubaliana naye, na ofisa mmoja wa FBI alishtakiwa kwa kudaiwa kudanganya kuhusu risasi zilizopigwa pale, akaachiwa 2018. Wale wavamizi walifanya mpaka sherehe ya wafugaji kuja kutia saini kwamba hawatalipa tena ada. Alikuja mmoja kutoka New Mexico. Wafugaji wa Harney hawakujitokeza, na sababu yake haitajwi sana.

Wafugaji wa pale walikuwa wameshakaa mezani miaka kadhaa na wasimamizi wa hifadhi, watu wa mazingira na kabila la Paiute, wakabishana weee mpaka 2013 wakatoa mpango mmoja wa pamoja wa hifadhi ile. Malisho yalibaki, ukataji nyasi ulibaki, na kukawa na kazi ya pamoja ya kupambana na samaki wavamizi waliokuwa wameliharibu ziwa. Kazi ile ilikwama kwa sababu ya uvamizi. Shule zilifungwa, wafanyakazi wa hifadhi wengine walihamishwa na familia zao kwa usalama, majirani waliokuwa wakisalimiana wakaacha. Kaunti yenyewe ina watu kama elfu saba tu, kila mtu anamjua mwenzake. Nikipita Burns mpaka leo ukitaja mada hii kwenye mgahawa watu wanaangalia sahani.

Kisima_Kirefu

Aisee asanteni sana, nimeanza kupata mwanga. Sasa hebu niwaulize, hiyo hoja ya katiba yenyewe je? Maana Ammon alikuwa anatembea na kijitabu cha katiba mfukoni kwenye shati kila sehemu. Haiwezekani ametoa tu kichwani.

Wakili_wa_Mtaa

Hajatoa kichwani, ametoa kipande kimoja akaacha kingine. Kifungu anachoshika ni kile cha ibara ya kwanza kinachosema bunge linatawala mji mkuu na maeneo yaliyonunuliwa kwa ruhusa ya jimbo kwa ajili ya ngome, maghala, bandari za kijeshi na majengo mengine muhimu. Wao wanasema umeona, ni hayo tu, kingine chochote ni wizi. Lakini ibara ya nne, sehemu ya tatu, inasema bunge lina mamlaka ya kuuza, kugawa na kutunga sheria zote zinazohitajika kuhusu ardhi na mali nyingine ya Marekani. Hicho ndo kifungu cha mali. Mahakama Kuu ya nchi, ile ya juu kabisa, ilishakitafsiri zamani, 1911 kuna mfugaji wa Colorado anaitwa Light alikataa kutoa ng'ombe kwenye msitu wa serikali bila kibali, akashindwa. 1976 New Mexico walipinga sheria ya kulinda farasi na punda wa porini kwenye ardhi ya umma, Mahakama Kuu kwa kauli moja ikasema mamlaka ya bunge juu ya ardhi hiyo hayana mipaka. Na Nevada yenyewe ilipoingia kwenye muungano 1864 iliandika kwenye katiba yake kwamba inaachia haki zote kwenye ardhi ya umma ambayo haijagawiwa. Yani jimbo haliwezi kurudishiwa kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho.

Kuna na lile la sherifu. Wengi wao wanaamini sherifu wa kaunti ndo mamlaka ya juu kabisa na anaweza kuwafukuza maofisa wa serikali kuu. Hiyo imani ilienezwa miaka ya 1970 na kundi la Posse Comitatus, kundi lililokuwa na chuki kali dhidi ya Wayahudi, alafu ikasafishwa kidogo kidogo mpaka ikaonekana ni elimu ya uraia. Hakuna mahakama iliyoikubali.

Na hao wanamgambo, Oath Keepers lilianzishwa 2009 na Stewart Rhodes, wakati Three Percenters lilianza karibu na hapo, 2008. Walikuwepo Bunkerville. Oath Keepers walilenga hasa kusajili wanajeshi na polisi wa zamani. Walisimama pia na bunduki kwenye mgodi mmoja Oregon mwaka 2015 na mwingine Montana mwaka huohuo, ugomvi wa vibali vya uchimbaji kwenye ardhi ya umma. Ukiangalia vizuri ardhi kwao ilikuwa mlango wa kuingilia. Rhodes huyohuyo 2022 alipatikana na hatia ya njama ya uasi kwa mambo ya uvamizi wa jengo la bunge Januari 6, 2021, akapewa miaka 18, Trump akampunguzia kifungo Januari 2025 akatoka. Mambo ya malisho na Januari 6 yanaingilianaje? Kinachounganisha ni kwamba walijifunza mahali fulani kuwa bunduki zinafanya kazi. Kumbuka pia majimbo yote 50 yana sheria za kuzuia majeshi binafsi ya namna hii, na tangu 1886 Mahakama Kuu ilisema majimbo yana haki ya kuyazuia. Sheria ipo, anayeitumia hayupo.

Nyota_ya_Jioni

Jamani mmeandika sana lakini wote mmewapita wenyewe kabisa wa ardhi. Dereva umewataja Paiute kwa neno moja ukaendelea na safari.

Eneo la Malheur lilikuwa la Wapaiute wa kaskazini maelfu ya miaka. Mwaka 1872 serikali iliwatengea hifadhi yao kubwa palepale. Walowezi wakaanza kuingiza ng'ombe ndani, ikaja vita ya Bannock 1878, na baada yake Wapaiute wakaswagwa mpaka Yakima kwenye jimbo la Washington, wakatembezwa kwenye baridi na theluji, wakafa njiani. Hifadhi yao ikafutwa, ardhi ikafunguliwa kwa wafugaji. Rais Roosevelt alitangaza hifadhi ya ndege 1908, miaka thelathini baadaye. Kwaiyo Ammon aliposema amekuja kuirudisha ardhi kwa wenyewe, alimaanisha wafugaji. Kiongozi wa kabila la Burns Paiute wakati ule, Charlotte Rodrique, alitoka mbele ya vyombo vya habari akawaambia waondoke, maana ndani ya yale majengo kulikuwa na maelfu ya vitu vya kale vya mababu zao na ramani za maeneo ya makaburi. Wale jamaa wakachimba mtaro kwa mashine kwenye eneo la kale la kabila. Kuna mmoja akajirekodi akipekua maboksi ya vitu vya kabila.

Alafu wakuu tafuteni habari ya dada wawili, Mary na Carrie Dann, Washoshone wa magharibi, wafugaji wa Nevada hiyohiyo ya Bundy. Nao hawakulipa ada ya malisho, kwa sababu mkataba wa Ruby Valley wa 1863 haukuitoa ardhi yao kwa Marekani, uliruhusu tu watu kupita na kukaa. Hoja yao ilikuwa na karatasi iliyosainiwa na serikali. Mahakama Kuu 1985 ikasema kabila limeshalipwa, kwa kuwa serikali iliweka dola milioni 26 kwenye hazina yake yenyewe, hela ambayo Washoshone waliikataa. Mwaka 2002 maofisa wakaja na silaha na helikopta wakachukua ng'ombe wao zaidi ya 200, wakauzwa. Hakuna Oath Keepers, hakuna mtu juu ya daraja. Mabibi wazee wale walipambana kwa barua na mahakama mpaka tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ikasema Marekani imewakosea. Ng'ombe hawakurudi.

Hilo ndo linaloniumiza. Bundy hana mkataba wowote, ng'ombe wake wakarudishwa ndani ya wiki.

Ngao_ya_Chuma

Nyota hiyo ya kina Dann sikuwa naijua kabisa, nimeenda kusoma na nimekaa kimya kwa muda. Ila nawauliza, sasa serikali ifanye nini? Ikienda na nguvu ni Waco, ikiondoka ni Bunkerville. Na kwa mnavyoeleza ni kama Bunkerville ndo ilizaa Malheur.

Dereva_Nyikani

Ngao, Malheur yenyewe ina jibu kwa sehemu. Maofisa hawakuvamia majengo. Walisubiri, wakawaacha waingie na kutoka mpaka mjini, wakawakamata viongozi barabarani mbali na majengo, wanne wa mwisho wakatoka Februari 11 baada ya mazungumzo marefu ya simu, bila risasi. Hata hivyo Finicum alikufa, kwaiyo sitasema ilikwenda vizuri. Wengi wa Burns walilalamika kwamba umeme haukukatwa mapema na njia hazikufungwa, wakaona wanatawaliwa na wageni mwezi mzima. Mimi nadhani walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa miaka ya nyuma. Amri ya 1998 ingetekelezwa 1998, wakati ng'ombe ni wachache, deni ni dogo na hakuna mitandao ya kijamii ya kuita watu wa mbali, naamini isingefika huko. Na wafanyakazi wa kawaida wa BLM na misitu wangekuwa salama zaidi. Hawa ni watu wanaopima nyasi na kuangalia visima jamani. Mwaka 1995 kule Carson City bomu lililipuliwa nje ya nyumba ya ofisa wa misitu, gari lake likaharibika na madirisha yakavunjika, familia ikiwa ndani.

Wakili_wa_Mtaa

Naongeza kwamba ugomvi sasa umehamia ofisini. Utah mwaka 2024 iliomba Mahakama Kuu iseme serikali kuu haiwezi kushikilia ekari milioni 18.5 za BLM ndani ya jimbo bila kuzipangia matumizi, mahakama ikakataa kuisikiliza Januari 2025. Miezi michache baadaye seneta Mike Lee wa hukohuko akapendekeza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma ziuzwe, ikaingizwa kwenye muswada mkubwa wa bajeti. Waliopinga kwa sauti kubwa walikuwa wawindaji, wavuvi na hata maseneta wa chama chake kutoka Montana na Idaho. Ikaondolewa Juni.

Mama_Shamba

Na mimi nilipinga hiyo ya kuuza. Mfugaji mdogo anayelipa dola yake na senti kwa mwezi hawezi kushindana na kampuni ya majumba au tajiri anayetaka ranchi ya kupumzikia, ardhi ikiuzwa yeye ndo wa kwanza kutolewa. Hilo nimewaambia ndugu zangu wafugaji waziwazi na wengine wamenikasirikia. Ila BLM nao wapunguze kuwaandikia watu barua za kisheria kurasa arobaini, watume mtu aje akae na mfugaji, walitembelee lile eneo pamoja wakati wa ukame na wakati wa mvua ndo waamue idadi ya ng'ombe. Harney walifanya hivyo na ilikuwa inafanya kazi. Kisima_Kirefu, ukitaka kusoma zaidi anza na ule mpango wao wa 2013, una kurasa nyingi lakini sehemu ya malisho inasomeka.